Diacomit, Fintepla, Epidyolex na lishe ya ketojeniki: tathmini ya tiba nne za sindromu ya Dravet

Tiba nne tunazozipima hapa zimeshapita kwenye majaribio na zinafanya kazi. Kinachomhangaisha mzazi ni kingine: mara nyingi mtoto mmoja hutumia mbili au tatu kwa wakati mmoja, na masharti ya moja hugongana na masharti ya nyingine. Dawa inayotaka chakula lakini haitaki maziwa hukutana na lishe ya ketojeniki, yenye mafuta mengi na wanga kidogo sana, inayotegemea krimu. Dawa inayokata hamu ya kula hukutana na mtoto anayetakiwa kumaliza kila gramu ya mafuta kwenye sahani. Kwa hiyo kila tiba tumeiuliza swali moja: ikiingia kwenye nyumba ambayo tayari ina nyingine, italeta nini?

Kwa hesabu zote tumetumia mtoto wa kufikirika mwenye kilo 15. Vipimo ni vya miongozo ya dawa zenyewe. Cha mtoto wako kinapangwa na daktari wake wa mishipa ya fahamu.

Kwanza, angalia kile anachokunywa sasa

Sindromu ya Dravet, aina kali ya kifafa cha utotoni, ilielezwa mwaka 1978 na daktari Mfaransa Charlotte Dravet. Huanza kabla mtoto hajatimiza mwaka mmoja, mara nyingi kwa degedege refu linaloambatana na homa na pengine kushika upande mmoja wa mwili, kwa mtoto aliyekuwa akikua vizuri. Zaidi ya asilimia 80 ya watoto hawa wana hitilafu kwenye jeni ya SCN1A. Jeni hiyo hutengeneza milango ya sodiamu kwenye seli za ubongo, hasa zile ambazo kazi yake ni kutuliza wenzake. Ni breki za ubongo, na kwa mtoto wa Dravet zimelegea tangu kuzaliwa.

Ndiyo maana dawa zinazofunga milango ya sodiamu, yaani karbamazepini, okskarbazepini, lamotrijini na fenitoini, humwongezea degedege mtoto huyu ingawa huwasaidia wengi wenye kifafa cha aina nyingine. Breki iliyolegea inalegezwa zaidi. Vigabatrini nayo inaweza kumharibia, japokuwa kwa mtoto mchanga mwenye mikazo ya sindromu ya West (kifafa cha watoto wachanga), hasa anayeugua pia ugonjwa wa tuberasi sklerosisi, ni dawa ya kutegemewa sana. Kabla ya kutafuta dawa mpya ya bei kubwa, pitia orodha ya dawa za sasa. Mtoto anayezidi kuanguka akiwa kwenye karbamazepini anahitaji kwanza iondolewe kwa mpango wa daktari. Tumeweka jambo hili mwanzoni kwa sababu hakuna tiba kati ya hizi nne itakayopata nafasi ya haki huku dawa isiyofaa ikiendelea kumwagia petroli moto uleule.

Msingi unaojengewa juu yake kwa kawaida ni valproeti, na klobazamu ikiongezwa. Dawa tatu zinazofuata huja juu ya msingi huo, na ugomvi mwingi huanzia hapo.

Diacomit (stiripentoli)

Hii ndiyo kongwe kati ya tatu. Ulaya iliiidhinisha mwaka 2007, Marekani 2018. Jaribio la Ufaransa lililochapishwa mwaka 2000 lilikuwa dogo, lakini tofauti ilionekana wazi: watoto 15 kati ya 21 waliopewa stiripentoli pamoja na valproeti na klobazamu walipungukiwa na degedege kwa zaidi ya nusu, na kwenye kundi lililopewa dawa tupu, yaani isiyo na kiambato cha tiba, ni mmoja tu kati ya 20.

Kipimo cha kawaida ni miligramu 50 kwa kilo kwa siku. Kwa mtoto wetu ni miligramu 750, yaani pakiti tatu za miligramu 250, moja kwa kila mlo. Hesabu imekaa vizuri. Shida iko njiani. Kwa mtoto wa chini ya miaka sita, mwongozo wa Ulaya huanza na miligramu 20 kwa kilo wiki ya kwanza, 30 wiki ya pili, kisha 50 wiki ya tatu. Hiyo ni 300, halafu 450, na hakuna pakiti ya 300 wala ya 450. Mwombe daktari aandike idadi ya pakiti kwa kila mlo, asiishie kuandika miligramu. Ukimwaga nusu pakiti kwa kukadiria kwa jicho, leo utampa pungufu na kesho utampa zaidi.

Unga huchanganywa na maji kwenye glasi na kunywewa hapohapo. Chembe hutuama chini haraka, kwa hiyo koroga, mpe, ongeza maji kidogo kwenye glasi hiyohiyo, suuza, mpe tena. Kwenye tumbo tupu asidi huivunja dawa hii kwa haraka, hivyo inakwenda na mlo, mtoto akiwa ameshaanza kula. Na hapo linakuja sharti la pili: isinywewe pamoja na maziwa au kitu chochote cha maziwa, maji ya matunda, vinywaji vya gesi, wala chakula au kinywaji chenye kafeini au theofilini. Mtindi, jibini laini na krimu vyote vimo kwenye marufuku hiyo. Kwa familia iliyo kwenye lishe ya ketojeniki sharti hili lina uzito mkubwa, na tutalirudia.

Kuna kapsuli na kuna unga, na usidhani ni kitu kimoja. Unga hupandisha dawa kwenye damu juu kidogo kuliko kapsuli, kwa hiyo kubadili kutoka kimoja kwenda kingine kunahitaji daktari ajue. Unga pia una glukosi, sobitoli na aspateimu za kuupa ladha. Kwa mtoto wa kawaida hilo si neno, lakini kwa mtoto ambaye wanga wake wa siku nzima ni gramu kumi ni jambo la kuhesabiwa. Anayeweza kumeza kapsuli nzima na maji, apewe kapsuli.

Kosa tunaloliona ni baya kuliko yote kwa Diacomit linahusu klobazamu. Stiripentoli huziba njia ambazo ini hutumia kuiondoa klobazamu mwilini, na zao lake, noklobazamu, hupanda mara kadhaa. Wiki ya pili au ya tatu mtoto anasinzia mezani, anayumba, mate yanamtoka. Mzazi anaona dawa mpya imemlevya, anaipunguza au kuiacha, na tiba iliyokuwa inaanza kufanya kazi inakufa. Dawa ya kupunguza mara nyingi ni klobazamu. Mwongozo wa Marekani unapendekeza ipunguzwe kwa robo, na usingizi ukiendelea ipunguzwe robo nyingine. Zungumzeni na daktari kuhusu hatua hiyo siku ya kuandikiwa dawa, msisubiri mtoto awe ameshalala siku nzima.

Yanayobaki ni ya kawaida: hamu ya kula hushuka, uzito husimama au kupungua, na chembe nyeupe za damu pamoja na chembe sahani zinaweza kupungua, kwa hiyo damu hupimwa kabla ya kuanza na kila miezi sita. Tunaipenda Diacomit kwa sababu nguvu yake ni ya kweli. Tunamshauri kila anayeianza aweke mizani ya mwili bafuni.

Fintepla (fenfluramini)

Fenfluramini ina historia nzito. Iliuzwa zamani kama dawa ya kupunguza unene na ikaondolewa sokoni mwaka 1997 kwa sababu ya kuharibu vali za moyo. Ilirudi kwa Dravet kwa vipimo vidogo zaidi, ikaidhinishwa Marekani na Ulaya mwaka 2020. Katika jaribio lililochapishwa 2019, waliopewa miligramu 0.7 kwa kilo kwa siku walipungukiwa na degedege kwa asilimia 74.9 kwa wastani wa kati, na waliopewa dawa tupu kwa asilimia 19.2. Kwa kifafa sugu namna hii, tofauti hiyo ni kubwa sana.

Chupa ina miligramu 2.2 kwa mililita. Huanza na miligramu 0.1 kwa kilo asubuhi na jioni, ikipandishwa baada ya wiki. Hapa ndipo pa kusoma mara mbili, kwa sababu kuna dari mbili tofauti:

Mtoto asiyetumia stiripentoli anaweza kufika 0.35 kwa kilo mara mbili kwa siku, na isizidi miligramu 26 kwa siku. Kwa kilo 15 ni miligramu 5.25, karibu mililita 2.4 kila mara.

Mtoto anayetumia stiripentoli na klobazamu huishia 0.2 kwa kilo mara mbili, isizidi miligramu 17 kwa siku. Kwa kilo 15 ni miligramu 3, karibu mililita 1.4.

Stiripentoli huzuia fenfluramini isivunjwe, kwa hiyo kiasi kidogo kinafanya kazi ya kingi. Hatari iko pale Diacomit inapoongezwa baadaye kwa mtoto ambaye tayari yuko kwenye mililita 2.4. Asiposhushiwa Fintepla, anabaki juu ya dari yake mpya bila yeyote kugundua, maana chupa ni ileile na bomba la kupimia ni lilelile. Andika dari ya sasa kwa kalamu kwenye kisanduku cha chupa.

Eko ya moyo, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, hufanywa kabla ya kuanza, kila miezi sita wakati wa tiba, na mara moja tena miezi mitatu hadi sita baada ya kuacha. Hiyo ya mwisho husahaulika, kwa sababu mtoto ameshaacha dawa na hakuna anayemkumbusha mzazi. Kwa watoto wa Dravet kwenye majaribio ya vipimo hivi vidogo, ugonjwa wa vali haukuonekana, na hilo linatia moyo. Halifuti kipimo hata kimoja.

Kwa jikoni, Fintepla ndiyo iliyo rahisi kuliko zote. Inanyweka na chakula au bila chakula. Wanga wake ni chini ya asilimia 0.1, na mwongozo wa Ulaya unasema wazi kwamba inakubaliana na lishe ya ketojeniki. Haiwekwi kwenye jokofu, na chupa iliyofunguliwa hutupwa baada ya miezi mitatu hata ikiwa imebaki nusu. Tahadhari moja ya nyumbani: dawa za kikohozi zenye dekstromethofani hapana bila kuuliza, kwa sababu hizo na fenfluramini zote hugusa serotonini, kemikali ya ubongo.

Udhaifu wake ni uleule ulioifanya iuzwe kwa wanene: inakata hamu ya kula. Ikiwa pamoja na stiripentoli mtoto ana dawa mbili zinazomwambia ameshiba, na ukiongeza ketoni, yaani nishati ambayo mwili hutengeneza kutokana na mafuta ya lishe ya ketojeniki, ambazo nazo hushibisha, vinakuwa vitu vitatu. Mpime uzito kila wiki, siku ileile, kabla ya kifungua kinywa. Uzito ukishuka wiki mbili mfululizo piga simu, usingoje kliniki.

Epidyolex (kanabidioli)

Marekani inaitwa Epidiolex, na iliidhinishwa huko 2018, Ulaya 2019. Katika jaribio la 2017 la watoto na vijana 120 wenye Dravet, degedege kwa mwezi lilishuka kutoka wastani wa kati wa 12.4 hadi 5.9, na kwenye dawa tupu kutoka 14.9 hadi 14.1. Ukiiweka karibu na mbili zilizotangulia, tunaiona ina nguvu kidogo pungufu kwa Dravet, lakini ina eneo pana: imeidhinishwa pia kwa sindromu ya Lennox-Gastaut, kifafa kingine kikali cha utotoni, na kwa tuberasi sklerosisi. (Fintepla nayo iliongezewa Lennox-Gastaut Marekani mwaka 2022.)

Ni myeyusho wa mafuta ya ufuta wenye miligramu 100 kwa mililita, na una pombe kidogo. Mwenye mzio wa ufuta asiiguse. Huanza miligramu 5 kwa kilo kwa siku, na baada ya wiki moja 10. Kwa mtoto wetu 10 ni mililita 0.75 asubuhi na 0.75 jioni. Mwisho wa kawaida kwa Dravet ni 20 kwa kilo, yaani mililita 1.5 mara mbili. Kwa ujazo mdogo hivyo tumia bomba la mililita 1 mpaka ujazo uzidi uwezo wake. Kwenye bomba la mililita 5 kosa la mstari mmoja ni kubwa mno. Bomba lililooshwa likaushwe kabisa kabla ya kurudishwa kwenye chupa, la sivyo maji huufanya myeyusho uwe na ukungu.

Mafuta ndiyo yanayoamua kiasi kinachoingia mwilini. Mlo wenye mafuta mengi huongeza jumla ya dawa inayofyonzwa takribani mara nne kuliko tumbo likiwa tupu. Mtoto anayepewa leo kabla ya kula na kesho baada ya kula hayuko kwenye kipimo kimoja, hata kama bomba linasema hivyo. Chagua utaratibu mmoja na ukae nao. Na mtoto anayehamia lishe ya ketojeniki akiwa tayari anaitumia, kila mlo wake sasa ni wa mafuta mengi: angalia usingizi, kuhara na vimeng'enya vya ini kwa karibu kuanzia wiki ya kwanza.

Ini hupimwa kabla ya kuanza, kisha mwezi wa kwanza, wa tatu na wa sita. Akiwa pia kwenye valproeti hatari ya vimeng'enya kupanda ni kubwa zaidi, kwa hiyo hapo vipimo visichelewe hata kidogo. Klobazamu nayo huguswa hapa kama ilivyo kwa Diacomit: noklobazamu hupanda karibu mara tatu, na mtoto husinzia.

Mafuta ya bangi yanayouzwa kama virutubisho si mbadala wa dawa hii. Kiasi cha kanabidioli kilichoandikwa kwenye chupa hizo mara nyingi hakilingani na kilichomo, na baadhi zina THC, kiambato kinacholevya. Hakuna hesabu ya miligramu kwa kilo inayoweza kufanywa juu ya chupa usiyoijua.

Lishe ya ketojeniki

Hii ndiyo kongwe kuliko zote. Russell Wilder wa Mayo Clinic aliipa jina mwaka 1921. Ndiyo pia yenye kazi nyingi zaidi kwa familia, na tathmini yetu hapa ni ndefu kwa sababu hiyo. Jaribio la London lililochapishwa 2008 liliwapata watoto wenye kifafa sugu cha aina mbalimbali: baada ya miezi mitatu asilimia 38 ya walio kwenye lishe walikuwa wamepungukiwa na mashambulio kwa zaidi ya nusu, dhidi ya asilimia 6 ya waliosubiri. Dravet ni miongoni mwa hali ambazo wataalamu wa kimataifa wanaziona zinaitikia lishe kuliko wastani huo, pamoja na sindromu ya Doose (kifafa kingine cha utotoni) na mikazo ya watoto wachanga.

Kwa upungufu wa GLUT1, kibeba glukosi kwenda kwenye ubongo, hukumu ni nyingine kabisa. Hapo glukosi haipiti vizuri kwenda kwenye ubongo, na ketoni ndiyo mafuta mbadala ya injini. Lishe ndiyo tiba yenyewe, huanzwa mapema iwezekanavyo na haikatwi baada ya miaka miwili kama kwa wengine. Fenobabitali, valproeti na kafeini huepukwa kwa watoto hao kwa sababu zinaweza kuibana zaidi njia hiyohiyo ya glukosi.

Kabla ya lishe kuanza, lazima damu na mkojo vipimwe kuondoa magonjwa ambayo mwili hauwezi kuchoma mafuta: upungufu wa kanitini wa kuzaliwa, hitilafu za vimeng'enya vya CPT, hitilafu za uvunjaji wa asidi za mafuta, upungufu wa piruveti kaboksilesi, na pofiria. Kwa mtoto mwenye mojawapo, lishe hii inaweza kuua. Kituo kinachokupa karatasi ya mapishi bila vipimo hivi hakifai, hata kama wahudumu wake ni wapole.

Uwiano wa 4:1 maana yake ni gramu nne za mafuta kwa kila gramu moja ya protini na wanga vikijumlishwa. Kila fungu hilo la gramu tano lina kalori 40. Tuseme mtoto wetu wa kilo 15 amepangiwa kalori 1,000: gawanya kwa 40, unapata mafungu 25. Mafuta ni gramu 100 kwa siku, protini na wanga jumla 25. Protini gramu moja kwa kilo ni 15, zinabaki gramu 10 za wanga kwa siku nzima. Kwa milo mitatu, kila sahani ina mafuta gramu 33, protini 5, wanga 3.3. Ukishuka hadi 3:1 kwa kalori zilezile, wanga hupanda hadi karibu gramu 17, na mlo unaanza kufanana na chakula. Watoto wengi wanaoitwa wameshindwa na lishe wameshindwa na 4:1 pekee, na hawakujaribiwa kwenye 3:1.

Mizani ndiyo kifaa cha kwanza, na iwe ya kidijitali inayosoma hadi desimali moja ya gramu. Mizani inayosoma gramu nzima tu inaweza kukosea nusu gramu, na nusu gramu kwenye wanga wa 3.3 ni sehemu kubwa. Mayai hayalingani, kwa hiyo vunja, piga, kisha pima. Cha pili ni mwiko laini wa silikoni wa kukwangulia. Hesabu inaonyesha kwa nini: kwenye sahani ya mafuta gramu 33.3, yakibaki gramu 5 ukutani mwa bakuli, mtoto amekula 28.3 kwa 8.3, na uwiano wake ni 3.4:1. Umepima vizuri, umepika vizuri, na uwiano umepotea kwenye sinki. Mafuta ya maji yachanganywe ndani ya chakula, yasimwagwe juu yake.

Unga wa maziwa wa KetoCal 4:1 ni msaada mkubwa kwa mtoto wa zaidi ya mwaka mmoja, na kwa anayelishwa kwa mpira huwa ndiyo mlo mzima. Una karibu kalori 700 kwa gramu 100, hivyo gramu 14 kwenye ujazo wa mililita 100 hutoa takribani kalori moja kwa mililita. Kosa la kawaida ni kuongeza mililita 100 za maji juu ya gramu 14. Weka unga, kisha jaza maji mpaka jumla ifike 100. Maji yawe ya vuguvugu. Kwenye maji baridi mafuta hujitenga na kuganda kwenye mpira. Kwa ladha si mbaya. Kwa wasiwasi wetu, upo mmoja: protini yake ni ya maziwa, na Diacomit haitakiwi pamoja na maziwa. Mtoto anayeishi kwa KetoCal na kuandikiwa Diacomit anahitaji mfamasia na mtaalamu wa lishe wakae meza moja kabla ya dozi ya kwanza. Kwa anayekula kwa mdomo suluhisho ni jepesi zaidi: milo inayobeba dawa ijengwe kwa yai, parachichi, nyama na mafuta ya mimea, na krimu ihamishiwe kwenye vitafunio vya katikati.

Mafuta ya MCT (mafuta yenye minyororo ya urefu wa kati), yaliyoingizwa kwenye lishe hii mwaka 1971, hutoa ketoni nyingi kwa kalori chache na hivyo huruhusu wanga zaidi. Yaanzishwe kwa kiasi kidogo na kupandishwa kwa siku kadhaa. Anayeyamimina yote siku ya kwanza atapata mtoto anayeshika tumbo na kuharisha.

Vijiti vya mkojo ni rahisi, lakini hupima asetoasetati, aina moja tu ya ketoni, na mkojo mwepesi hudanganya. Mashine ya damu hupima beta-haidroksibutireti, ketoni kuu ya damu, yenyewe. Kwa watoto wengi udhibiti mzuri huonekana karibu na milimoli 4 hadi 5 kwa lita. Vijiti vinatosha kwa siku ya kawaida. Mashine ni ya lazima siku ya kuumwa.

Sukari iliyojificha ndiyo huangusha nyumba zilizo makini. Sharubati ya valproeti, sharubati ya homa, vidonge vya vitamini vya kutafuna na antibiotiki za watoto nyingi zina sukari au sobitoli. Mtoto akipata homa, na homa kwa Dravet ni kichochezi kikuu, wazazi hukimbilia sharubati ya parasetamoli. Ketoni zinashuka siku ileile ambayo ubongo unazihitaji zaidi. Weka parasetamoli ya kuweka njia ya haja kubwa ndani ya nyumba, na umwombe mfamasia akuandikie wanga wa kila dawa kwa gramu.

Kinachoharibika baada ya muda kinajulikana. Choo kigumu karibu kila mtoto. Mawe ya figo kwa wachache, hasa anayekunywa topirameti au zonisamidi, ambazo nazo huongeza asidi mwilini; sitreti ya kunywa hupunguza hatari hiyo, na maji yasibanwe. Mafuta ya damu hupanda, kimo husuasua, kanitini hushuka zaidi kwa aliye kwenye valproeti. Vitamini zisizo na wanga, kalsiamu na vitamini D ni sehemu ya lishe yenyewe. Anayeziacha kwa sababu mtoto anaonekana mzima atakuja kulipa kwenye mifupa.

Jaribu kwa miezi mitatu kamili kabla ya kuhukumu, na katika miezi hiyo usibadilishe dawa nyingine kama si lazima. Daftari la degedege la wiki nne kabla ya kuanza ni muhimu kuliko tunavyoweza kusema. Bila hilo hakuna anayejua kama kumi zimekuwa sita au sita zimekuwa kumi. Ikifanya kazi huendelea miaka miwili hivi, kisha uwiano hushushwa taratibu. Kuiacha ghafla kunaweza kurudisha degedege refu, na kipande kimoja cha keki kinatosha kuvunja ketoni kwa haraka.

Kwa kijana anayejitafutia chakula mwenyewe, lishe ya Atkins iliyorekebishwa, iliyoanzia Johns Hopkins mwaka 2003, ina gramu 10 hadi 20 za wanga kwa siku bila kupima protini. Ni legevu zaidi, na kwa umri huo lishe legevu inayofuatwa inashinda kali inayovunjwa kila siku.

Karatasi ya mlangoni

Mtoto anayetapika, anayepumua haraka, uso umemwiva na amelegea huenda ketoni zimezidi: mililita 30 za maji ya matunda, kisha pima baada ya robo saa na upige simu. Anayelegea huku sukari iko chini ya milimoli 2.2 kwa lita anahitaji sukari bila kusubiri. Kwa siku nyingine zote za kuumwa, maji ya chumvi yasiyo na sukari.

Zahanati au hospitali ambayo haimjui mtoto itafanya mambo mawili kwa nia njema: dripu ya glukosi na fenitoini. Ya kwanza huvunja ketoni, ya pili huibana milango ya sodiamu iliyokwisha kuwa dhaifu. Kwa hiyo karatasi iliyosainiwa na daktari, moja mlangoni na moja kwenye begi la mtoto, iseme: ana sindromu ya Dravet, yuko kwenye lishe ya ketojeniki kwa uwiano huu, dripu iwe ya chumvi isiyo na glukosi isipokuwa sukari ya damu imeshuka, fenitoini isitumike, degedege likifika dakika tano apewe midazolamu ya shavuni au diazepamu ya njia ya haja kubwa kwa kipimo kilichoandikwa hapa, kwa uzito wake wa mwezi huu.